Kibondo imenyamaza: namna ya kusoma hali ya vituo kwenye kompyuta

KISTARI kimoja katika jedwali la bei si jambo la kumtisha mfanyabiashara. Akiona Kasulu ina bei na Kibondo ina kistari, anajua habari hazikufika, na atasubiri au atapiga simu. Hasara kubwa huja pale pasipo na kistari: tarakimu ipo, imechapwa safi, lakini ni ya juzi. Mnunuzi wa maharage anafunga fedha, anakodi Fuso, anapanda barabara ya Kasulu kuelekea Kibondo, na anapofika gulioni anakuta bei imekwishapanda au mzigo umebebwa na wenzake. Nauli ya lori haimsubiri, na dereva hali wala halali bure.

Zamani kosa hilo lilikuwa la karani aliyenakili bei ya wiki iliyopita ili kujaza nafasi. Siku hizi wanunuzi wakubwa wa mazao, mabenki na makampuni ya simu huiachia kompyuta kazi ya kukusanya hesabu za vituo vya mikoani kila jioni, na kosa nalo limehamia humo humo. Leo tunaeleza amri moja fupi ambayo mtu anayetunza mitambo hiyo anapaswa kuiandika kabla hajaidhinisha orodha yoyote ya bei au ya malipo. Mwenye mali naye ni vizuri aielewe, kwani fedha inayopotea ni yake.

Programu za kupanga kazi ndizo zinazoamua kazi gani ianze saa ngapi, kwenye mashine ipi, na baada ya kazi ipi kwisha. Mojawapo ya zilizozoeleka ni IBM Workload Scheduler. Wakongwe wa mitambo bado wanaiita Maestro, jina ililopewa na watungaji wake, kampuni ya Unison Software ya Marekani. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Tivoli mwaka 1997, na Tivoli yenyewe ilikuwa tayari mali ya IBM tangu 1996. Majina yamebadilika mara kadhaa, lakini amri za msingi hazikubadilika.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kubuni inayonunua maharage na mahindi. Ina mashine kuu Dar es Salaam, na mashine moja moja katika maghala ya Kigoma mjini, Kasulu na Kibondo. Kila siku saa 11 jioni mashine ya kila ghala inafunga kitabu cha mizani, inajumlisha magunia, kisha inatuma jumla. Mashine ya Dar es Salaam inasubiri ghala zote tatu. Zikishafika, inakokotoa bei ya kununulia kesho yake na kutoa orodha ya wakulima wa kulipwa kwa simu. Ghala moja lisipoleta hesabu, kazi ya Dar es Salaam inakaa inasubiri, na hapo ndipo simu za mabosi huanza kulia.

Mtunza mtambo akiwa Dar es Salaam anafungua programu ndogo iitwayo conman, anapata alama ya asilimia, kisha anaandika:

showcpus

au kwa kifupi sc. Neno cpu hapa lisimchanganye mtu. Maana yake ni kituo kizima cha kazi, si kile kidude cha ndani ya kompyuta. Tuseme saa 11 na nusu jioni majibu yanakuja hivi. Tumeacha safu za tarehe, saa na nyinginezo kwa kuokoa nafasi:

CPUID      RUN   NODE           LIMIT   FENCE   STATE
DSM        212   *UNIX MASTER   10      0       I J
KIGOMA     212   UNIX FTA       10      0       LTI JW
KASULU     212   UNIX FTA       0       0       LTI JW
KIBONDO    212   UNIX FTA       10      0

Msomaji aliyezoea jedwali la bei hatapata taabu hapa, kwani kila mstari ni kituo kimoja. Nyota iliyo mbele ya UNIX katika mstari wa DSM inaonyesha kuwa amri imeandikwa kwenye mashine hiyo. RUN ni namba ya mpango wa kazi unaotumika. Kila mpango mpya unapotengenezwa namba hupanda, kwa hiyo vituo vyote vikiwa na 212 maana yake vinafuata ratiba ile ile.

STATE ndiyo safu ya kuangaliwa kwanza. L inasema njia ya mawasiliano kati ya kituo na msimamizi wake iko wazi. T inasema mawasiliano hayo yanapita kwa TCP/IP, yaani mtandao wa kawaida. I na J zinahusu kiungo kinachoanzisha kazi, jobman: kimemaliza kujiandaa, na kinafanya kazi. W inasema mwandishi wa ujumbe kwenye kituo hicho yuko macho. Kwa hiyo LTI JW ni sawa na kusema laini imeshika, karani yuko mezani, daftari limefunguliwa.

Kigoma haina neno. Tuangalie hizo mbili zilizobaki, kwani kila moja ina ugonjwa wake, na dawa ya mmoja haimtibu mwenzake.

Kasulu kwa juu inaonekana nzima. Herufi zote zipo. Mtunza mtambo mwenye haraka atapita na kusema Kasulu haina tatizo. Lakini safu ya LIMIT ina sifuri. LIMIT ni idadi ya kazi zinazoruhusiwa kwenda kwa wakati mmoja katika kituo. Ikiwa 10, kazi kumi zinaweza kwenda pamoja. Ikiwa 0, hakuna kazi ya kawaida itakayoanza, ila zile chache zilizopewa kipaumbele cha juu kabisa. Kitabu cha mizani cha Kasulu kwa hiyo hakijafungwa na hakitafungwa hata watu wakisubiri mpaka asubuhi. Mara nyingi sifuri hiyo imewekwa na fundi aliyekuwa akitengeneza kitu mchana, akaenda zake bila kuirudisha. Kituo kipya nacho huanza na sifuri mpaka mtu akibadilishe. Dawa yake ni mstari mmoja:

lc KASULU;10

FENCE iliyo pembeni yake inafanana na kizuizi cha barabarani. Kazi yenye kipaumbele kisichozidi namba ya FENCE hairuhusiwi kupita. Kazi za kawaida hupewa kipaumbele 10, hivyo mtu akiweka FENCE kuwa 10 kwa kutaka kazi moja ya haraka itangulie, amezizuia nyingine zote. Ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Sasa Kibondo. LIMIT ni 10, FENCE ni 0, lakini STATE ni tupu. Wengi wakiona hivyo husema mashine ya Kibondo imekufa. Inawezekana, kwani umeme wa kule umekuwa na historia yake: mpaka gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022, Kibondo na Kasulu zilitegemea majenereta ya dizeli. Lakini amri haikusema kuwa mashine imekufa. Imesema tu kwamba, kwa kutazama kutoka Dar es Salaam, L haipo. Njia imekatika.

Tofauti hiyo ni kubwa mno, na sababu iko katika herufi tatu za safu ya NODE: FTA. Kituo cha aina hiyo kimetengenezwa ili kivumilie mawasiliano kukatika. Mpango unapotolewa, kila kituo cha FTA hupewa nakala yake, faili liitwalo Symphony. Laini ikikatika saa 9 alasiri, mashine ya Kibondo bado ina ratiba mkononi. Saa 11 inafika, inafunga kitabu, inajumlisha magunia kama kawaida, na majibu inayaweka katika mafaili ya ujumbe yakingoja njia ifunguke. Dar es Salaam nayo inaweka kando ujumbe wote unaokwenda Kibondo. Njia ikifunguka, kila upande unapokea barua zake.

Kwa hiyo saa 11 na nusu huenda Kibondo imemaliza kazi zamani, ila Dar es Salaam haijui. Mtunza mtambo akitazama orodha ya kazi kwa amri ya sj, ataona ile ya Kibondo bado iko katika hali iliyoripotiwa mara ya mwisho kabla laini haijakatika. Anaweza kusoma kuwa haijaanza, nayo imekwisha. Skrini haimdanganyi. Inamwambia ilichoambiwa mwisho.

Hapo ndipo fedha huharibika. Bosi anapiga simu anataka orodha. Mtunza mtambo anaona Kibondo inachelewesha watu, anaiondoa kazi ya Kibondo katika masharti ya kazi ya Dar es Salaam ili hesabu iende. Hesabu inakwenda. Kwa kuwa haikupata jumla mpya ya Kibondo, inachukua ile iliyomo kwenye faili, ya jana au ya juzi. Bei inatoka bila kistari. Mbaya zaidi ni upande wa malipo: akiamua kuirudia kazi ya Kibondo kwa njia nyingine huku ile ya kwanza imekwishafanyika, laini ikirudi orodha mbili za wakulima wale wale zinakutana. Kumdai mkulima wa kijijini fedha uliyomlipa mara mbili kwa kosa lako si kazi ya siku moja, na ghala jirani litakuwa linacheka.

Utaratibu unaofaa ni mwepisi. Kwanza simu kwa karani wa ghala, kabla ya kugusa kitu. Mazungumzo hayahitaji utaalamu:

"Kaka, mashine inawaka huko?"

"Inawaka, bosi. Mtandao ndio umepotea tangu alasiri."

"Basi usiizime. Iache hivyo hivyo."

Maneno hayo ya mwisho yana thamani, maana karani mwenye nia njema huzima na kuwasha, na akizima katikati ya kufunga kitabu anatengeneza tatizo ambalo halikuwapo. Pili, mtunza mtambo anajaribu kufungua njia:

link KIBONDO

Kama mtandao umerudi, mlango wa 31111, ambao ndio wa kawaida kwa programu hii, utaitika, na baada ya muda mfupi amri ya sc itaonyesha LTI JW. Kama L imerudi lakini J haipo, jobman haifanyi kazi, na dawa yake ni start KIBONDO. Asipojua ni vituo gani vingine vimeguswa, aandike sc @!@ aone vituo vya maeneo yote, si vya eneo lake tu.

Uvumilivu wa FTA una mwisho wake. Nakala iliyo Kibondo ni ya mpango wa leo peke yake. Matoleo ya sasa kwa kawaida hutengeneza mpango mpya dakika moja kabla ya saa 6 usiku. Matoleo ya zamani yalifanya hivyo dakika moja kabla ya saa 12 asubuhi, jambo ambalo kwa hesabu yetu ya saa lilikuwa na adabu zaidi. Laini ikiwa bado imekatika wakati huo, Dar es Salaam inaingia katika 213 na Kibondo inabaki na 212. Karani akiandika sc kwenye mashine yake mwenyewe ataiona namba hiyo ya jana. Kazi za jana zitamalizika, lakini za leo Kibondo haizijui, na saa 11 jioni inayofuata hakuna kitabu kitakachofungwa. Vilevile kazi ya Kibondo inayosubiri jambo la Kasulu itaendelea kusubiri, kwani habari za Kasulu haziwezi kuifikia.

Wenye maghala karibu na mpaka waangalie na saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja: Kibondo ikiwa saa 11 jioni, Bujumbura ni saa 10. Mashine iliyosetiwa na fundi kwa kufuata simu iliyodaka mnara wa ng'ambo itafunga kitabu saa 12 ya kwetu, na kila siku itaonekana mzembe bila kosa. Amri ya sc KIBONDO;info huonyesha kituo kinafuata saa za wapi, pamoja na toleo la programu.

Katika mfano wetu, basi, saa 12 jioni Kasulu imerudishiwa LIMIT yake na kitabu kinafungwa. Kibondo bado haina L, karani amethibitisha kwa simu kuwa mashine inawaka, na muda uliobaki mpaka mpango mpya ni takriban saa sita. Malipo ya wakulima wa Kibondo yasubiri. Orodha ya bei ikibidi itoke usiku huo, itoke na Kigoma na Kasulu, na mbele ya Kibondo pawekwe kistari.