Siku ya Mbio za Milimani: Je, Mwili Wako Uko Tayari?



Huenda kijijini kwako zimetangazwa mbio. Si mbio za barabarani. Ni mbio za njia za miguu. Wakimbiaji watapanda kilima, watavuka kijito, watapita kando ya mashamba ya mahindi, kisha watateremka. Mshindi atapewa mbuzi au mabati. Kila jioni unawaona vijana wakifanya mazoezi. Hilo ni jambo jema, kwa sababu kukimbia huimarisha moyo na mapafu. Lakini wengi hujiandaa miguu tu. Mwili mzima wanausahau.

Tuanze na jambo kubwa kuliko yote, yaani homa.

Chukua mfano wa milima ya Usambara. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huko kuna baridi, na mbu wa malaria ni wachache kuliko bondeni. Lakini watu wa milimani huteremka Mombo na Korogwe kupeleka mboga na matunda. Wengine hulala huko bila chandarua. Miili yao haikuzoea malaria, kwa hiyo ikiwapata huwa kali. Tena haianzi siku ile ile. Mtu huumwa na mbu leo, naye huugua baada ya wiki moja au mbili, au hata zaidi. Amekwisha rudi nyumbani na safari ameisahau.

Asubuhi ya siku moja ya mbio, kijana mmoja alibisha hodi zahanati. Jua lilikuwa halijachomoza. Macho yake yalikuwa mekundu na midomo imekauka.

“Daktari, nipe vidonge vya kushusha homa,” aliniambia. “Vya homa tu. Saa mbili nakimbia.”

“Homa hii ilianza lini, kaka?”

“Jana usiku. Ni uchovu wa mazoezi.”

“Ulishuka bondeni hivi karibuni?”

Alinyamaza kidogo. Kisha alisema kwamba alikwenda Mombo na gari la kabichi, akalala huko siku tatu. Nilimchoma kidole nikampima kwa kile kipimo cha haraka. Baada ya dakika chache majibu yalionyesha ana malaria. Alikasirika sana. Alisema amefanya mazoezi miezi mitatu, na baba yake amekwisha jenga banda la mbuzi. Nilicheka, lakini sikumruhusu. Nilimpa dawa mseto na kumweleza azimeze siku zote tatu, hata akijisikia nafuu siku ya pili. Mbio alizitazama akiwa amejifunika blanketi.

Kwa nini nilimkataza? Mtu mwenye homa tayari ana joto jingi mwilini. Akikimbia, misuli huongeza joto jingine. Jasho halitoshi kumpoza, na moyo unafanya kazi mara mbili. Anaweza kuanguka njiani na kufa. Vidonge vya kushusha homa havitibu malaria. Vinaificha tu, naye anadhani amepona.

Wapo watakaosema, “Mbona Akhwari alimaliza mbio akiwa ameumia?” Ni kweli. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia mbio ndefu za kilomita 42 katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968, mjini Mexico. Mji huo uko juu sana, zaidi ya mita 2,200, na hewa yake ni nyepesi. Akhwari alianguka akaumia goti. Alifungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kati ya watu 57 waliomaliza, yeye alikuwa wa 57. Mimi pia namheshimu sana. Lakini goti lililoumia si sawa na homa. Goti hukuuma ukajua. Homa hukupumbaza, hata usijue kwamba unakufa.

Basi kama una homa, kuhara au kutapika, usikimbie. Mama mjamzito, na mtu mwenye shinikizo la damu, pumu, kifafa, selimundu au ugonjwa wa moyo, afike zahanati wiki kadhaa kabla ya mbio. Si lazima akatazwe. Tutampima na kushauriana.

Sasa chakula. Usiku wa kuamkia mbio kula chakula ulichokizoea, kama ugali, wali au viazi, pamoja na mboga. Pombe iache kabisa. Asubuhi kunywa uji au kula ndizi, saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Makande ni chakula kizuri sana, lakini si asubuhi ya kupanda kilima! Maharage hujaza tumbo hewa.

Kuhusu maji, kunywa unapoona kiu. Kuna watu wanaokunywa galoni zima kabla ya kuanza wakidhani watapata nguvu. Hii ni hatari pia. Maji mengi kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, na mtu huumwa kichwa, hutapika na hata kuzimia. Nanyi wenye kupanga mbio, chemsheni maji tangu jana yake. Yatieni katika ndoo yenye mfuniko na koki. Msitumie kata moja kwa watu wote. Mkono mmoja mchafu ukiingia ndani ya ndoo, kijiji kizima kitahara.

Viatu vya kukimbilia ni vile ulivyovizoea. Viatu vipya hutoa malengelenge. Kata kucha za miguu siku mbili kabla, kwa sababu wakati wa kuteremka vidole hugonga mbele ya kiatu. Udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza kama sabuni, basi teremka kwa hatua fupi. Ukijikata, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha uje tuone kama unahitaji sindano ya pepopunda. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje, msifyonze, wala msifunge kamba. Mlazeni atulie, mguu usitikisike, mbebeni mpaka zahanati.

Wekeni watu wawili au watatu mahali pa mwinuko mkali, wenye maji na kitambaa. Wakimwona mkimbiaji anayumba, anasema maneno yasiyoeleweka, au mwili unawaka, wasimshangilie aendelee. Wamsimamishe. Wamweke kivulini, wamvue shati, wammwagie maji mwili mzima na kumpepea. Wampoze kwanza, huku mwingine akitafuta pikipiki ya kumpeleka zahanati. Kama hajitambui, wasimnyweshe kitu.

Jambo la mwisho ni dawa za maumivu. Naona vijana wengi wanameza diklofenaki kabla ya kukimbia ili wasisikie maumivu. Duka la dawa linaziuza kama pipi. Mwili ukiwa umepungukiwa na maji, dawa hizi zinaweza kuharibu figo. Usizimeze kabla ya mbio, wala jioni yake.

Baada ya mbio tembea polepole kidogo, kunywa maji, kula. Miguu kuuma siku mbili au tatu ni kawaida. Lakini tazama mkojo wako. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukikosa mkojo tangu mchana mpaka usiku, njoo zahanati usiku huo huo. Usingoje kupambazuke. Gonga mlango wa nyumba ya mganga, utafunguliwa.