Neno la siri lapitaje njiani?



Kompyuta mbili zikiongea hufuata utaratibu uliokubaliwa, mafundi huuita itifaki. Itifaki za zamani, Telnet na HTTP, hupeleka maneno wazi, kama barua isiyo na bahasha ipitayo mikononi mwa matarishi kumi. Yeyote njiani aweza kusoma, hata neno la siri, na mwenyewe asijue.

Si maneno ya kutishana. Mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, wezi walinasa maneno ya siri ndani ya mtandao wa chuo. Mtafiti wa hapo, Tatu Ylönen, akatunga itifaki ya SSH, ambayo hugeuza maneno kuwa fumbo kabla hayajatoka. Akaigawa bure mwaka huohuo. HTTPS nayo ni HTTP iliyotiwa fumbo.

Tena SSH hukagua ufunguo wa kompyuta ya pili, na ukibadilika hutoa onyo. Vijana wengi wa programu hulipuuza kwa haraka zao.

Basi chama kikiagiza programu ya daftari la wanachama, ulizeni: majina yetu yatasafiri kwa itifaki gani? Orodha hiyo ikinaswa ikamfikia tajiri, twajua nani hufukuzwa kwanza. Fundi akijibu HTTP tupu, msiipokee kazi yake.