Jinsi Bakteria Wanavyofungua Sukari ya Muhogo

Wakulima wa muhogo wanazijua dalili hizi: madoa yenye pembe yanayoonekana kama yameloa maji kwenye majani, kisha majani hunyauka, utomvu hutoka kwenye shina na ncha hukauka. Huu ni mnyauko wa bakteria. Husafiri mbali kupitia vipandikizi kutoka mmea mgonjwa. Lakini bakteria wadogo vile hupata wapi chakula ndani ya jani?

Jibu limo katika kiini cha seli. Humo mna jenomu, yaani maagizo yote ya urithi ya mmea, yaliyoandikwa kwa DNA. Maagizo hayo hayasomwi yote kwa wakati mmoja. Karibu na mwanzo wa kila jeni kuna kipande cha DNA kinachofanya kazi kama swichi. Protini zinazohitajika zikikusanyika hapo, jeni husomwa. Zisipokusanyika, hukaa kimya.

Muhogo una jeni iitwayo MeSWEET10a, inayohusika na kutoa sukari nje ya seli. Bakteria huingiza ndani ya seli protini yao, TAL20, ambayo huenda moja kwa moja hadi kwenye swichi ya jeni hiyo, hujishikiza hapo na kuzivuta protini za mmea zinazosoma jeni. Sukari hutoka nje, pale pale bakteria wanapoishi. Ni mwizi mwenye ufunguo, havunji mlango.

Mwaka 2023 watafiti nchini Marekani walichapisha jaribio la kuziba tundu la ufunguo huo. Herufi za DNA kwenye swichi hawakuzibadilisha. Walizielekeza protini za muhogo wenyewe zikusanyike hapo na kuweka alama ndogo za kemikali. TAL20 ikashindwa kujishikiza, dalili zikapungua (hazikuisha kabisa), na mimea ikaendelea kukua kama kawaida.

Hiyo bado ni kazi ya maabara. Msimu huu, chukua vipandikizi kwenye mashina yasiyo na doa, osha panga kwa maji yenye klorini unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, na usifanye kazi shambani majani yakiwa na maji ya mvua. Mmea mgonjwa ung'oe na uuchome. Ukiwa na shaka, mwite afisa wa kilimo wa wadi aje aone kabla hujamgawia jirani mbegu.