Uza Mali Yako, Usiuze Maneno ya Mwenzako

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyosema wazee. Lakini wazee hao waliuza gulioni, ambako mnunuzi aliweza kuonja asali kwa kidole chake kabla ya kutoa fedha. Anayeuza kwa njia ya intaneti hana gulio la namna hiyo. Mnunuzi yuko mbali, hamwoni wala haonji kitu. Basi maandishi ndiyo yanayosema badala ya ulimi.

Ndiyo maana wafanyabiashara wengi siku hizi huandika makala. Jambo hili si geni. Huko Marekani, kampuni ya John Deere, watengenezaji wa zana za kilimo, walianza kuchapa gazeti la wakulima liitwalo The Furrow mwaka 1895. Huko Ufaransa nako, mwaka 1900, ndugu wawili wa kampuni ya matairi ya Michelin walitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari. Mkulima alipata elimu, dereva alipata msaada wa safari, na jina la kampuni likakaa moyoni mwao.

Nawe msomaji waweza kufanya vivyo hivyo. Tuseme unauza asali ya Tabora. Usiandike tu kwamba asali yako ni bora kuliko zote, maana kila muuzaji husema hivyo. Andika kwa nini asali huganda. Watu wengi wakiiona imeganda hudhani imechanganywa na sukari ya dukani. Waeleze ya kuwa asali safi nayo huganda, kwa sababu ya sukari ya asili iliyomo, iitwayo glukosi. Na kwamba chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu, asali huyeyuka tena. Waonye pia wasimpe asali mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwani yaweza kumletea ugonjwa wa hatari. Msomaji akiona kwamba unamwonya hata pale ambapo hupati faida, atakuamini.

Lakini wako wengine ambao, kwa haraka au kwa uvivu, huchukua makala ya mtu, hubadili jina, na kuitoa kama yao. Huo ni wizi, sawa na kuiba mzinga wa jirani. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001. Tena nchi zote mbili zimo katika Mapatano ya Berne ya mwaka 1886. Kwa mapatano hayo, haki ya mwandishi haingoji kusajiliwa.

Yafaa kukumbuka mambo manne.

Kwanza, habari yenyewe haina mwenyewe. Maneno ya kuieleza ndiyo yenye mwenyewe. Kila mtu aweza kusema kwamba asali huganda, ila aseme kwa maneno yake.

Pili, kutafsiri si kutunga. Ukigeuza makala ya Kiingereza kuwa Kiswahili na kuitoa bila ruhusa, umeingilia haki ya mwandishi.

Tatu, kutaja jina la mwandishi ni adabu njema, lakini si ruhusa ya kunakili makala nzima. Ukinukuu, nukuu kidogo na useme umetoa wapi.

Nne, picha nazo zina wenyewe. Ziko zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons, lakini soma masharti yake, maana baadhi hukataza matumizi ya biashara.

Mwenye makala akilalamika, ukurasa wako waweza kuondolewa. Hata hivyo iko hasara kubwa zaidi. Mnunuzi akigundua kwamba maneno yako ni ya wizi, atajiuliza: na asali je?

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Keti jioni, kumbuka maswali matatu ambayo wanunuzi wamekuuliza juma hili, uyajibu kama unavyozungumza nao. Hiyo ndiyo makala yako ya kwanza, na hapana atakayekudai.