Inanga, Sauti Inayodai Kimya

Ndugu askari, muziki wa Burundi unapotajwa, ngoma ndiyo hukumbukwa kwanza, nayo inastahili heshima hiyo. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Lakini nchi hiyo hiyo yenye mshindo mkubwa inao pia muziki wa mnong'ono, nao ni inanga.

Inanga ni ubao mrefu uliochongwa mfano wa hori. Juu yake hupitishwa uzi mmoja wa utumbo wa ng'ombe, kwenda na kurudi, hata zikapatikana nyuzi nane kwa kawaida. Mpigaji huketi, akazigusa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, huku akinong'ona masimulizi yake.

Mmoja wa mabingwa wa sanaa hiyo alikuwa Joseph Torobeka. Ufalme ulifutwa mwezi Novemba 1966, na pamoja nao likatoweka baraza la mwami, lililokuwa kimbilio la wapigaji. Mwaka uliofuata, Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na mnong'ono wa Torobeka ukahifadhiwa katika santuri ya Ocora ya Ufaransa.

Ajabu ya upigaji huo ni hii: mnong'ono hauna sauti ya kupanda wala kushuka, kwa kuwa nyuzi za koo hazitikisiki. Hata hivyo msikilizaji husikia mtu akiimba. Mtafiti Cornelia Fales alieleza jambo hilo mwaka 2002: inanga ndiyo inayobeba lahani, mdomo hubeba maneno, na sikio huviunganisha vikawa wimbo mmoja.

Basi wimbo huo hukamilika ndani ya sikio la msikilizaji. Hapa Gatumba, malori yanaponguruma kuelekea mpaka wa Kongo, inanga haiwezi kushindana. Pasipo mtu wa kuketi karibu na kutulia, sanaa hii hufa hata kama mpigaji yungali hai.

Mlinzi wa zamu ya usiku anaijua thamani ya kimya kuliko wengi. Kwa hiyo, ndugu, upatapo likizo, ukasikia kwamba kilimani kwenu yuko mzee apigaye inanga, mwendee jioni. Izime redio, keti karibu naye, umrekodi kwa simu yako akikuruhusu. Urithi hulindwa na masikio pia.