Dafina ya Buur Gaabo: Sarafu Iliyopoteza Kwao

Je, wajua kuwa dafina ya sarafu yenye sifa kubwa kuliko zote katika pwani ya Kismayu huenda haikufukiwa huko hata siku moja? Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza C. W. Haywood alifika Buur Gaabo, bandari ya kale kusini ya Kismayu ambayo ramani za wakati huo ziliiita Port Durnford. Alisema kuwa hapo, penye magofu, alipata sarafu nyingi za kale. Mwaka 1932 Harold Mattingly, mtaalamu wa sarafu wa British Museum, alizichapisha katika jarida la Numismatic Chronicle, na orodha yake inatosha kumkosesha usingizi mkusanyaji yeyote: sarafu za wafalme wa Misri, Ptolemaio wa III hadi wa V, za watawala wa Rumi tangu Nero, nyingi za Rumi ya karne ya 4, kisha za Wamamluki wa Misri na za Waothmani. Ilionekana kana kwamba historia yote ya Bahari ya Hindi imemwagwa kwenye ufuko mmoja wa Wabajuni.

Wengi walitaka iwe kweli, na walikuwa na sababu. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi, kinataja bandari za pwani hii moja baada ya nyingine hadi Rhapta, na wapo wataalamu walioiona Buur Gaabo kuwa ile inayoitwa humo Nikon. Lakini kitabu hichohicho kinapoorodhesha mali iliyoletwa huku kinataja mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, pamoja na mvinyo na ngano za kuwafurahisha wenyeji, sarafu hakizitaji. Neville Chittick alipokagua pwani ya kusini ya Somalia katika miaka ya 1960, hakuona vigae vya zama za Ptolemaio wala za Nero. Tena mchanganyiko wenyewe, unaovuka zaidi ya miaka 1,500, unafanana zaidi na mkusanyo ulionunuliwa sokoni Misri kuliko na akiba ya mfanyabiashara mmoja. Yote hayo hayamfanyi Haywood kuwa mwongo. Tatizo ni kwamba hakuna mchoro, tabaka la udongo wala kigae kilichookotwa pamoja na sarafu hizo ambacho kingeweza kumtetea. Hata kama alisema kweli, ukweli wake hauwezi kutumika.

Hapo ndipo penye somo kwa kila anayekusanya sarafu. Wakusanyaji wakikutana na kuoneshana walichopata karibuni, maswali ya kwanza huwa ni ya mwaka gani, ni adimu kiasi gani, na imegharimu pesa ngapi. Swali la ilitoka wapi huja mwisho, kama huja kabisa. Naona mpangilio huo umepinduka. Dafina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyochimbuliwa mwaka 1984, ilikuwa na zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya. Kwa kuwa zilifukiwa pamoja na kuchimbuliwa kwa utaratibu, dinari zile zenye tarehe zilizitolea ushahidi sarafu za fedha zisizo na tarehe. Hata sarafu za Ali bin al-Hasan wa Kilwa, zilizodhaniwa kuwa za mnamo mwaka 1200, zikarudishwa hadi karne ya 11. Mng'aro na bei havikuchangia lolote. Ujirani wa sarafu ardhini ndio uliobadili historia.

Atakayepinga atasema kuwa sarafu hujieleza yenyewe, kwani imeandikwa jina la mfalme na mara nyingi mwaka. Ni kweli, lakini maandishi hayo hutaja aliyeamuru ipigwe, si aliyeibeba wala aliyeiangusha. Chukua besa ya shaba ambayo Waitalia walianza kuitoa mwaka 1909 kwa ajili ya koloni lao la kaskazini ya mto Juba. Wakati huo Kismayu ilikuwa chini ya Waingereza, na fedha yake ilikuwa rupia; ikaja florini mwaka 1920, kisha shilingi, kabla mji haujakabidhiwa kwa Italia mwaka 1925. Besa hiyo mnadani ni kitu cha kawaida. Ila ikipatikana Koyama au Chula, visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayu, ndani ya tabaka la nyumba iliyohamwa kabla ya 1925, itakuwa ushahidi kwamba fedha ya Waitalia ilivuka mpaka na kuingia visiwani. Ikiwa ndani ya kasha bila maelezo, haisemi zaidi ya kuwa Roma ilikuwa na kiwanda cha sarafu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: wakusanyaji ndio waliookoa kilichobaki. Florini za 1920 zilidumu muda mfupi, na nyingi ziliyeyushwa baada ya kuondolewa. Jumba la makumbusho la Garesa, Mogadishu, liliporwa serikali ilipoanguka mwaka 1991. Bila makasha ya watu binafsi, mengi yangepotea, na shukrani hiyo ni haki yao. Lakini kuokoa sarafu na kutupa habari zake ni kuokoa nusu. Wapo pia wanaoharibu hata hiyo nusu kwa kusugua shaba kwa ndimu na mchanga ili ing'ae. Chumvi ya bahari imekwisha kuila shaba hiyo, hivyo ukiutoa ukoko wa kijani, huweza kutoka na herufi, pamoja na mabaki ya kitambaa au udongo ambayo maabara ingeweza kuyasoma.

Litabaki pingamizi la tatu: mvuvi wa kisiwa cha Chovai aliyeokota sarafu ufukoni amtafute mtaalamu gani, na kwa nini asiiuze apate riziki? Jibu halihitaji makumbusho wala mvuvi kukosa haki yake. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu ufukoni katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Hakuwa mtaalamu, lakini alitia alama ya X kwenye ramani, na mwaka 2013 watafiti waliweza kuurudia ufuko uleule. Alama moja ya kalamu ilifanya ambalo sarafu zote za Haywood hazikufanya. Leo simu hupiga picha na kuonesha mahali, na daftari huhifadhi siku, kina cha shimo na vilivyokuwa kando. Sarafu ikiuzwa na karatasi yake, muuzaji hapungukiwi kitu, na mnunuzi hupata kisichoweza kughushiwa kwa urahisi. Kwa hiyo katika mkutano wowote wa wakusanyaji, pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1882, ya bei ndogo lakini yenye mahali panapojulikana, inastahili kutangulia mbele ya Ptolemaio asiye na kwao.