Haki ya Mtoto Siyo Sadaka



Katika darasa letu la jioni hapa Mwanhuzi yuko mzee mmoja, mfugaji na mkulima wa pamba. Amejua kusoma akiwa na mvi kichwani. Siku moja tulikuwa tunasoma habari za haki za watoto. Mzee huyu akanyoosha mkono, akasema:

"Mwalimu, ukame umemaliza ng'ombe wangu. Binti yangu amemaliza darasa la saba, na jina lake limetoka la kwenda sekondari. Lakini kuna watu wameleta habari ya mahari, ng'ombe 15. Ninyi mnasema haki za mtoto, haki za mtoto. Je, haki inakamuliwa maziwa?"

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. Na sisi tuliona kwamba swali lake ni la kweli, linahitaji jibu la kweli. Leo tunataka kulijibu kwa kueleza jinsi mashirika ya hisani yanavyofanya kazi ya kuwasaidia watoto.

Shirika la hisani ni nini?

Shirika la hisani ni chama cha watu wanaojitolea kusaidia wengine bila kutafuta faida. Fedha zake hutoka kwa wanachama na wafadhili. Hapa Tanzania mashirika haya huandikishwa na Serikali. Kwa hiyo shirika likija kijijini kwenu, msione haya. Ulizeni: mmeandikishwa wapi? Mnataka kufanya nini? Fedha zitatumikaje?

Watu wengi hufikiri kazi ya shirika ni kugawa nguo, mahindi na madaftari. Hiyo ni kazi moja tu. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mama mmoja wa Uingereza, Eglantyne Jebb, alianzisha shirika la Save the Children, kwa sababu watoto wa nchi zilizoshindwa vita walikuwa wanakufa njaa. Alianza na chakula. Baadaye akaona chakula peke yake hakitoshi. Mwaka 1923 akaandika mambo matano ambayo kila mtoto anastahili kupata, na mwaka 1924 Shirikisho la Mataifa likayakubali. Kutoka hapo dunia ilianza kusema: mtoto haombi sadaka, anadai haki yake.

Sisi Watanzania tuliukubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kisha tukatunga Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hii inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Mzazi anatakiwa kumpa chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu, na kumwacha acheze.

Kesi ya wasichana

Sasa tuangalie shirika moja la hapa kwetu Tanzania. Jina lake ni Msichana Initiative. Mwanzilishi wake ni Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa mvulana kuoa kuwa miaka 18. Lakini msichana aliruhusiwa kuolewa akiwa na miaka 15, mzazi akikubali. Hata mwenye miaka 14 aliweza kuolewa, mahakama ikitoa ruhusa.

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu. Hakwenda na nguo wala mahindi. Alikwenda na Katiba ya nchi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Kwa nini basi mvulana alindwe mpaka miaka 18 na msichana aachwe?

Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubali hoja hiyo. Ilisema vifungu viwili vya sheria ile, cha 13 na cha 17, vinapingana na Katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya juu kabisa, ikaikataa rufaa hiyo.

Mnaona, ndugu zetu? Gunia la mahindi linasaidia nyumba moja kwa mwezi mmoja. Kesi hii imegusa wasichana wa nchi nzima, pamoja na wetu wa Meatu.

Kwa nini miaka 18?

Mwili wa msichana mdogo haujakomaa kwa uzazi. Nyonga zake bado ni nyembamba. Uchungu unaweza kuchukua siku nyingi, mtoto akafa, na mama akapata fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au choo kutoka bila kujizuia. Tena msichana aliyeacha shule hajui kusoma vizuri karatasi za zahanati, wala hesabu za pamba yake. Sisi tuliosoma ukubwani tunajua uchungu wa jambo hilo.

Sheria nyingine nayo ni kali. Tangu mwaka 2016, mtu anayeoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, anaweza kufungwa miaka 30. Na tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni.

Tunarudi kwa mzee wetu

Tulimweleza mzee mambo haya yote. Akasikiliza, kisha akasema, "Sawa, nimeogopa jela. Lakini njaa je?"

Hapo sisi walimu tulinyamaza. Aliyejibu ni mama mmoja wa darasani. Alisema, "Baba, mimi niliolewa kwa ng'ombe 20. Wale ng'ombe waliisha siku nyingi, hata mifupa yao siioni. Mimi bado niko hapa, najifunza kuandika jina langu."

Mzee hakusema kitu. Lakini wiki iliyofuata alikuja akauliza bei ya sare. Ada ya sekondari, kidato cha 1 mpaka cha 4, iliondolewa Januari 2016. Zilibaki sare, viatu na madaftari. Akauza mbuzi wawili, na mkewe akakopa kidogo kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Binti yuko kidato cha pili sasa. Hatusemi kwamba mzee ametajirika. Zizi lake bado lina nafasi kubwa. Ila watu wa mahari wameacha kuja.

Sisi tufanye nini?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Shirika linaweza kushinda kesi Dar es Salaam, lakini haliwezi kulala kwenye kila nyumba ya Meatu. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mtu anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe habari. Mwendee mtendaji wa kijiji, ofisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto polisi. Pia kuna simu ya mtoto, namba 116. Kupiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Maswali ya kujadili katika kikundi chenu

1. Je, katika kijiji chenu wako watoto walioacha shule? Kwa sababu gani?
2. Mzazi aliyepoteza mifugo kwa ukame asaidiweje, ili asimtegemee binti yake?
3. Ni nani kati yenu anaijua namba 116? Mwambieni jirani.